Sauti ya Wimbo wa Nne

Katibu wa hospitali hakumkaribisha kiti. Viti vya wageni vilikuwa viwili, kimoja kimekaliwa na Metroni na cha pili kimekaliwa na mkoba wa Metroni, na hakuna aliyeona haja ya kuuhamisha mkoba. Mkwaruzo alibaki amesimama mlangoni, miguu mitupu, maana mabuti yake ya mpira aliambiwa ayaache nje yasichafue zulia. Miguu yenyewe ilikuwa imenyauka kwa kushinda kwenye maji, na alitamani angeweza kuivua nayo aiache huko huko nje.

"Wewe ndiye wanayekuita Mkwaruzo?" Katibu aliuliza.

"Wenzangu wa kufulia ndio wanaoniita hivyo, bosi. Kwa ajili ya hii sauti."

"Basi na sisi tumekuita kwa ajili ya hiyo hiyo sauti."

Akabonyeza kitu kwenye kompyuta. Kwanza zikasikika ngoma, taratibu, za kusuguliwa kwa brashi wala si za kupigwa. Likafuata besi. Kisha akasema mwanamke mmoja mwenye sauti iliyochubuka, sauti ya mtu anayeongea huku mikono yake ina kazi nyingine.

"Tangu mvua za mwaka jana boila imekufa. Imekufa, siyo inaumwa. Mashuka ya wazazi, ya upasuaji, yaliyolaliwa na marehemu, yote tunasuuza kwa maji baridi tunakunja. Mgonjwa analetewa shuka jeupe, anashukuru. Mimi namwonea huruma anavyoshukuru."

Hapo ndipo mwanamume mmoja akaingia kwenye wimbo na kuanza kufoka, maneno yanafuatana mbio, kuhusu nchi inayolazwa kwenye shuka la mtu aliyekwisha kufa. Mkwaruzo aliijua sauti hiyo. Ilikuwa ya Ticha, kiongozi wa bendi ambayo mumewe anapigia ngoma. Ya yule mwanamke aliijua pia, lakini ilimchukua muda kukubali. Na tuseme ukweli hata kama unamwaibisha: kabla hajaogopa, aliona imependeza. Hakuwahi kufikiri kwamba malalamiko yake yana uzuri wowote.

"Ni wewe si wewe?" Metroni akauliza.

"Inafanana."

"Eti inafanana!"

Katibu alichukua karatasi, akayaandika maneno yale kwa mkono wake, akamnyooshea. "Hebu tusomee."

"Yote, bosi?"

"Mpaka hapo kwenye kushukuru."

Akasoma. Alisoma kama anavyosoma kila kitu, kwa kusimama kwenye maneno marefu, na Metroni alikuwa amefumba macho kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. Alipofika mwisho Metroni akafumbua macho. "Ndiye," akasema. "Hata kule kumeza mate ni kule kule."

Katibu hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema yeye hana ugomvi na muziki, muziki anaupenda, ila wimbo huu redio inaupiga mara tatu kwa siku na wakubwa wamekwisha kupiga simu mara mbili. Alisema siri za wagonjwa ni siri.

"Sikumtaja mgonjwa yeyote, bosi."

"Umetaja wodi." Akafungua faili. "Mkataba wako unaisha mwezi huu, au nimekosea?"

"Hujakosea."

"Basi mpaka Ijumaa. Sauti yako itoke humo, au wimbo wote uondoke, mtajua wenyewe. Ikishindikana, tutaonana hapa tutafute njia nyingine. Sisi hatupendi kumpoteza mtu wetu."

Alipotoka alikuta mtu amekwisha kuyasogeza mabuti yake hadi kwenye ngazi, moja limelala ubavu.

Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya jengo, na nyuma yake kilikuwepo kibanda cha boila, ule mtambo wa kuchemshia maji ya kufulia. Kibandani alikaa mzee mmoja aliyeitwa Mzee wa Boila, mtu wa maneno machache, ambaye kwa miezi tisa aliwahi kazini kila asubuhi kuulinda mtambo uliokufa. Aliufuta vumbi. Aliutia mafuta kwenye sehemu zisizozunguka. Na kila mwezi, wakati mwingine mara mbili, alimwandikia Katibu barua ya kuomba kifaa kimoja ambacho yeye alisema kinaingia mfukoni.

"Umeitiwa nini, mwanangu?" akamuuliza Mkwaruzo.

Akamweleza. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo.

"Wakikubana sana, waambie wamuulize mzee. Barua zangu ziko kwenye faili lao. Kumi na moja. Neno ulilosema wewe wimboni mimi nimewaandikia kumi na moja, tena bila ngoma."

*

Nyumbani alimkuta mumewe sebuleni anakaza ngozi ya ngoma ndogo. Watu walimwita Fimbo kwa sababu ya zile fimbo zake za kupigia, ambazo hata sokoni aliingia nazo zimechomekwa mfuko wa nyuma. Alikuwa mwanamume mpole, asiyekunywa, asiyepiga mtu, asiyeleta kitu. Kodi ya nyumba, ada ya binti na hata hiyo ngozi aliyokuwa akiikaza vilitoka kwenye mashuka.

"Ulijua?" Mkwaruzo akauliza kabla hajaketi.

"Nilijua nini?"

"Usinijibu swali kwa swali, mimi sikuhoji redioni. Ulijua kama nimo kwenye ule wimbo?"

Fimbo akaiweka ngoma chini. "Ile Jumapili tuliyorekodi hapa. Ulikuwa unapiga pasi sare za mtoto, ukaanza kuniambia mambo ya kazini. Mashine ilikuwa tayari imewashwa. Besi lilikuwa linapasha. Wewe ukasema ile ya mvua za mwaka jana, nikajikuta nakufuata."

"Unanifuata wapi?"

"Kwa brashi. Wewe mama, unajua unavyoongea? Unaongea ndani ya mapigo kabisa. Mimi miaka yote natafuta mwimbaji wa namna hiyo, kumbe nimelala naye."

Siku nyingine maneno hayo yangemtosha mwezi mzima. Siku hiyo hayakumtosha. "Mimi nilidhani mnapasha vyombo tu, bado hamjaanza. Nilikuwa nakueleza wewe. Mume wangu. Nimechoka, nakueleza."

"Ticha alisema tukikuambia utajibana. Utataka urudie, uongee vizuri. Akasema iachwe ilivyo."

"Na wewe ukasema?"

Fimbo akajikuna kisogo.

Binti yao, aliyekuwa kidato cha pili, alitokea chumbani na daftari mkononi. Alikuwa amesikia yote, nyumba yenyewe haikuwa na ukuta wa kuficha kitu. "Mama, shule nzima wanauimba. Wanaigiza mpaka sauti yako. Nimewaambia ni wewe."

"Umewaambia wangapi?"

"Darasa letu tu."

Darasa lao lilikuwa na wanafunzi sabini na wawili.

Mkwaruzo alikaa chini, akaanza kukanda unga kwa ngumi. Hakumgombeza mtoto. Mtoto alikuwa anamwangalia kwa fahari, na hiyo fahari alikuwa hajaiona tangu binti aanze kuona haya kusindikizwa na mama mwenye mikono iliyobabuka. Alimgeukia Fimbo, akasema tu, "Keshokutwa nikitoka kazini nipeleke kwa hao wenzako. Nitaongea nao mwenyewe."

*

Bendi ilifanyia mazoezi kwenye stoo ya duka la magodoro. Mwenye duka aliwapa bure, kwa sharti kwamba wasikalie mali. Magodoro yalipangwa hadi dari, bado yamevaa plastiki, yakizima kila sauti, na kwa hiyo wanamuziki wanne walioimba habari za watu wanaolala sakafuni walikaa wenyewe sakafuni, wamezungukwa na magodoro mia mbili.

Ukutani walikuwa wamebandika jalada la albamu yao ya hip hop. Iliitwa *Subirini Hapo Nje*, na ilikuwa na picha ya foleni ndefu iliyoishia kwenye mlango uliofungwa. Chini kabisa waliandika kwa herufi nyekundu: Imepigwa na watu, chumba kimoja, hakuna kilichokatwa. Hiyo ndiyo ilikuwa jeuri yao. Wengine walitengeneza muziki kwa kompyuta, huyu leo, yule kesho, wanabandika na kubandua. Wao walipiga wote kwa pamoja, mara moja, na mtu akikohoa, kikohozi kikaingia sokoni.

"Karibu, shemeji," Ticha alisema, akasimama kumpokea kwa mikono miwili. Aliwahi kufundisha somo la uraia, akafukuzwa kwa kulifundisha sana. "Dada zetu kama wewe ndio wenye albamu hii."

"Mimi nataka wimbo mmoja tu," Mkwaruzo akasema. "Huo wa nne. Nitoeni humo."

Akawaeleza habari ya Katibu na Ijumaa. Walisikiliza vizuri sana. Walikuwa watu wazuri wa kusikiliza. Mwanamke wa besi, ambaye alimwita wifi na hakuwa na unafiki, alishika tama. Kijana wa kinanda, ambaye ndiye pia aliyerekodi, alikuwa anatikisa kichwa kabla hata Mkwaruzo hajamaliza.

"Shemeji, si kwamba hatutaki. Haiwezekani. Siku ile maiki saba zote zilikuwa wazi, na wewe umesimama katikati ya sebule. Umo kwenye maiki ya besi. Umo kwenye ya kinanda changu. Kwenye ngoma ndiyo usiseme, pasi yako mwenyewe inasikika ikigonga meza. Nikikutoa wewe, nawatoa wote."

"Basi pigeni upya."

"Kwa vyombo gani? Vile tulivikodi siku moja, na yule bwana aliyetukodishia kaviuza."

"Basi utoeni wimbo wote. Mnazo kumi, bakini na tisa."

Plastiki ya magodoro ililia kidogo mahali fulani.

"Shemeji," Ticha akasema kwa upole, "wimbo huo ndio albamu. Watu wananunua kwa ajili yako. Wanasema, kumbe kuna mtu ameona. Tukiuondoa, tumesema kwamba boila ni nzima. Umefikiri hilo? Wewe sasa si mtu mmoja. Wewe ni sauti ya wengi."

"Na hao wengi mikataba yao inaisha lini?"

Mwanamke wa besi akacheka, kisha akaona haya. Ticha hakucheka. Alimtazama Fimbo, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda chake cha ngoma akizikagua fimbo zake kama vile leo ndiyo kwanza anaziona.

"Sisi hapa hatuna bosi," Ticha akasema. "Kila jambo tunapiga kura, na kura ya mmoja ni sawa na ya mwingine. Tupe dakika kumi tujadiliane kwa haki. Subiri hapo nje kidogo, shemeji."

Akasubiri nje. Palikuwa na tofali, akalikalia. Magodoro yale yalifanya kazi yake, hakusikia hata neno. Mlinzi wa duka alimuuliza kama amekuja kununua, akasema hapana, anamsubiri mtu. Mlinzi akamwomba basi asogee, anawazibia wateja mlango, naye akasogea na tofali lake.

Walipomwita, Ticha alikuwa ameweka mkono kifuani. Wimbo unabaki, alisema, lakini bendi haitamtupa. Jumamosi, kwenye uzinduzi wa albamu, wataeleza ukumbini yaliyompata, na watawaomba watu wote wasimame dakika moja.

"Wasimame," Mkwaruzo akarudia.

"Kwa heshima yako."

"Ahsanteni," akasema, kwa sababu alilelewa kushukuru anapopewa kitu.

Njiani Fimbo alitembea hatua moja nyuma yake. Walipita kituo cha mafuta, wakapita uzio wa shule. Walipofika kwenye kona ya kwao Mkwaruzo akasimama.

"Kura zilikuwaje?"

"Zilikubali ubaki."

"Sikuulizi hivyo. Ngapi kwa ngapi?"

Fimbo akatazama barabarani, kana kwamba kuna gari analisubiri.

"Nne," akasema.

"Ninyi si mko wanne."

"Mama, sikiliza. Hata ningekataa, wangekuwa watatu. Isingebadili kitu. Ningepinga peke yangu mle ndani ningeonekanaje?"

"Ungeonekana mume wangu."

Akaingia ndani akamwacha hapo kwenye kona. Alikuwa na hasira, ndiyo, lakini zaidi ya hasira alisikia upweke, upweke mkavu ambao hakuujua hata miaka aliyoishi bila mume. Kwa mara ya kwanza alielewa kwamba mtu anaweza kukusikiliza vizuri kuliko wote duniani, na bado asiwe upande wako.

*

Ijumaa kiti kilikuwa wazi. Metroni hakuwepo, wala mkoba wake, na Katibu alimkaribisha akae hata na mabuti yake.

"Imeshindikana," Mkwaruzo akasema. "Nimewaomba. Wanasema nimeingia kwenye maiki zote."

"Nilijua. Ndiyo maana nimekurahisishia." Karatasi ilikuwa imekwisha kuchapwa. "Soma, usije ukasema hukusoma."

Alisoma kwa kidole. Iliandikwa kwamba maneno ya kwenye wimbo si yake, alipewa na mumewe ayaseme kwa ajili ya burudani. Sawa, akawaza. Fimbo atalimeza hilo, ni haki yake alimeze. Iliandikwa kwamba anajuta. Nalo sawa. Iliandikwa kwamba boila ya hospitali inafanya kazi. Hapo alisita, akapita. Kidole kikafika mstari wa mwisho, kikakaa hapo.

*Endapo zipo siku ambazo maji ya moto yalikosekana, hilo lilitokana na mhudumu wa boila kutokuwepo kwenye kituo chake cha kazi.*

"Hii ya mwisho, bosi."

"Ina nini?"

"Mzee hajakosa kazini hata siku moja."

"Hapo ametajwa mzee gani? Pameandikwa mhudumu."

"Mhudumu ni mmoja tu, bosi."

Katibu akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. "Wakubwa watauliza. Kama boila ni nzima, na mashuka hayachemki, basi kuna mtu hafanyi kazi. Nataka unisaidie kufikiri. Ni wewe? Ni mimi? Yule mzee amebakiza mwaka mmoja astaafu. Wewe una mtoto shuleni." Akatoa karatasi ya pili, akailaza kando ya ile ya kwanza bila kuisukuma. Ilikuwa ni mkataba mpya, una muhuri tayari.

"Anazo barua," Mkwaruzo akasema, sauti yake imekwaruza kupita kawaida. "Kumi na moja. Ziko kwenye faili lenu."

"Kwenye faili hili hapa?" Akamfungulia. Lilikuwa faili jembamba, na lilikuwa na karatasi ya ratiba za likizo tu.

Mkwaruzo aliwaza kusimama. Ninasema aliwaza, kwa sababu tunapenda kuamini kwamba watu kama yeye hawakuwaza. Aliwaza mlango, ngazi, geti, na akaweza kufika hadi getini kichwani mwake. Baada ya geti hakuona kitu. Aliona mwenye nyumba amesimama uani, aliona binti ameketi nyumbani na sare iliyopigwa pasi. Akachukua kalamu.

"Siyo hivyo," Katibu akasema alipoona ameandika kidogo, pembeni, kama anayejificha. "Jina lote. Lisomeke."

Akaandika jina lote. Likasomeka. Mkataba aliousoma baadaye, chooni, ulikuwa wa miezi sita badala ya mwaka.

*

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wanasema wimbo wa nne ulirudiwa mara tatu, na kwamba kwenye ile dakika moja watu mia nne walisimama kimya, na wapo waliolia. Mkwaruzo hakwenda. Alikuwa zamu.

Jumanne walinzi wawili walimtoa Mzee wa Boila kibandani. Aliomba amalizie kufuta kioo cha kipimo, wakamkatalia. Alipopita mlangoni mwa chumba cha kufulia, wanawake sita walikuwa kwenye masinki na hakuna aliyeinua uso, na aliyeinamisha wake kuliko wote ni Mkwaruzo. Tangu siku hiyo, akiingia, mazungumzo yalikatika. Hawakumtukana. Waliongea habari za hali ya hewa. Waliogopa asije akawatia kwenye wimbo, wakaogopa asije akawatia kwenye karatasi, wakamwachia sinki la pembeni peke yake. Maji yalikuwa baridi vile vile.

Nyumbani pia hakuongea. Fimbo alijaribu. "Leo kazini kulikuwaje?" aliuliza kila jioni, na kila jioni alijibiwa, "Salama."

Jumapili ya pili, saa nne asubuhi, mlango uligongwa. Binti alifungua, akarudi na Mzee wa Boila, amevaa shati lililonyooka na amebeba bahasha ya kaki. Mkwaruzo aliyekuwa akimenya viazi alisimama, viazi vikabingirika, na kwa muda alifikiri ni heri mzee ampige.

"Kaa, mwanangu," Mzee akasema. "Sikuja kugombana. Wamenisomea ulichosaini, na aliyesoma alisoma vizuri tu. Mimi nami nimelea. Ningekuwa wewe labda ningesaini kabla yako."

"Mzee, nisamehe."

"Hilo tuliache. Nina shida na huyu bwana." Akamgeukia Fimbo. "Nimekwenda kwa mkubwa wa wilaya, wamesema niache maelezo mapokezi. Nimekwenda chama cha wafanyakazi, wamesema nisubiri hapo nje. Mafao yangu yamezuiwa mpaka uchunguzi uishe, na hakuna anayechunguza. Sasa nikasema, nyinyi watu wanawasikiliza. Hamwezi na mimi mkanitia kwenye wimbo?"

Uso wa Fimbo ulichanua. Aliona hapo njia ya kurudi kwa mkewe, maskini, na aliona njia ya kumlipa mzee, na, tusimwonee, pia aliona wimbo. "Mzee, hilo jambo dogo. Ticha atafurahi. Tena tusingoje, sema sasa hivi, kwa maneno yako mwenyewe. Ninachukua kwenye simu." Akaiweka simu mezani katikati ya maganda ya viazi, akaiwasha, ikaonyesha kidoa chekundu.

Mzee alikaa wima. Alisema jina la kifaa alichoomba. Alitoa kwenye bahasha nakala za barua zake, alizoandika kwa mkono kwa kuwa hakuwa na hela ya mashine ya kunakili, akasoma tarehe ya kila moja, kumi na moja zote, na baada ya kila tarehe alisema, "Sikujibiwa." Hakutia chumvi popote. Binti alisogea akaegemea fremu ya mlango, akisikiliza kama anavyosikilizwa mtu mkubwa.

"Na msidhani ninajisemea," Mzee akamalizia. "Shahidi huyu hapa. Yeye ndiye aliyekuwa anayashika hayo maji. Mwanangu, sikuombi uende popote, sikuombi usaini kitu. Sema neno moja tu lisikike humu, wajue mzee siyo mwongo. Boila ilikuwa nzima, au ilikuwa imekufa?"

Wote watatu wakamtazama. Simu iliendelea kuhesabu sekunde. Fimbo alimtikisia kichwa kumtia moyo, kama afanyavyo jukwaani kumwonyesha mwimbaji mahali pa kuingilia.

Mkwaruzo alijua neno lenyewe. Lilikuwa hapo, kooni, fupi. Aliwaza miezi sita. Aliwaza ile karatasi yenye jina lake lote, na kitu kinachompata mtu aliyesaini jambo moja akasema jingine. Akafuta mikono kwenye kanga, mara mbili, ingawa ilikuwa mikavu.

"Mimi sijui," akasema. "Mimi kazi yangu ni kufua."

Binti aliondoka mlangoni. Mzee akaitazama simu, kisha akamtazama Mkwaruzo, bila uchungu, kama mtu aliyeuliza bei akatajiwa. Akaanza kuzipanga barua zake kwa tarehe na kuzirudisha kwenye bahasha moja moja.

"Basi," akamwambia Fimbo. "Izime hiyo, baba."